Umbali Kati ya Mita na Mota

Nthenya mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kanisani kuwaaga wenzako wa kwaya, na nyumba imebaki na harufu ya pasi na sabuni. Jua linashuka nyuma ya paa za Woodley. Maua ya mjakaranda yaliyoanguka uani yamepata ile rangi ambayo mchana huwa hayana, rangi ya kitu unachokiona ukiwa karibu kusinzia. Nimevuta kiti dirishani niandike kabla hujarudi, maana ukiwa hapa nitaanza tena kukuuliza kama umepakia sweta.

Ya sweta yamekwisha semwa. Mama yako mkubwa amekuhubiria juu ya baridi ya Kericho hadi mimi mwenyewe nikasikia viungo vinauma. Juu ya wanaume amesema pia, na juu ya kula kabla ya zamu. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukuandikia juu ya waya. Najua unatabasamu. Utasema, mwaitu, mama yangu, hata leo? Naam, hata leo, kwa sababu kesho unakwenda kwenye kiwanda cha majani chai kujifunza kazi yangu, na huko kuna mafeni ya kunyaushia majani ambayo mota yake moja ni kubwa kuliko meza yetu. Na kwa sababu kuna mambo ya Dagoretti ambayo wewe unayakumbuka kama ndoto, na mimi sijawahi kukusimulia yalivyotokea kwa mpangilio.

Lakini nianzie Loresho, kabla hujazaliwa.

Nilikuwa nimetoka politekniki na cheti changu, msichana mmoja kati ya wavulana, na mkandarasi mmoja aliyeitwa Mzee Karanja alikuwa amenikubali. Alikuwa Mkikuyu mfupi, mpole, aliyevaa koti la suti hata akiwa juu ya ngazi. Tulikuwa na kazi kwenye nyumba moja kubwa yenye bustani inayoteremka polepole, nyasi baada ya nyasi, hadi kwenye kijito. Chini kabisa walikuwa wanaweka pampu ya kupandisha maji ya kumwagilia. Mzee Karanja akaniambia, "Waya wa pampu chagua wewe."

Nilifurahi mno. Nikaenda kwenye mota ya pampu, nikasoma kibati chake: ampea ngapi, volti ngapi. Nikafungua kitabu, nikatafuta waya unaobeba ampea hizo, nikaupata. Hesabu ilikuwa safi. Tukachimba mtaro, tukalaza kebo, tukafukia, tukawasha.

Mota ikanguruma. Haikuzunguka. Ilitoa sauti ya mtu anayejaribu kunyanyua gunia lililomzidi, halafu ikaanza kunuka.

Mzee Karanja alikwenda kwenye swichi. Alizima, akanipa kipima volti, akaniambia nishuke nacho hadi kwenye pampu nishike ncha zake pale. Yeye akabaki juu, kwenye nyumba, akawasha tena kwa kitambo kidogo tu. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye nyasi ndefu, kijito kinapita miguuni, na mshale wa kile kipimo ukaanguka mbele ya macho yangu kama mtu aliyezimia. Akateremka pole pole, akasimama karibu nami.

"Umeona?" akasema. "Huo umeme ulitoka nyumbani umeshiba. Umefika hapa na njaa. Njia imeula."

Nilikuwa nimeuliza mota inakula kiasi gani ikishatulia. Sikuuliza inameza kiasi gani inapoamka, na kuamka ndiko kugumu, mara tano, mara sita ya ile hali ya kawaida. Wala sikuuliza chakula chenyewe kinatoka mbali gani. Kila hatua ya waya mwembamba huchukua chake. Ukiwa na taa moja hutaona. Ukiwa na mota mwisho wa bustani, utaona.

Nilidhani atanifukuza. Alivua lile koti, akalitundika kwenye mti wa mpera, akachukua jembe. "Haya, tuchimbe," akasema. Tulifukua mtaro wote, mimi naye, hadi ukungu ukaanza kupanda kutoka kijitoni na taa za ile nyumba zikaonekana mbali, kama za meli. Kesho yake tulilaza kebo nene. Mwenye nyumba hakuambiwa kamwe ni nani aliyechagua ile ya kwanza.

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba nilichojifunza siku ile ni hesabu ya umbali. Nilijifunza hesabu, kweli. Lile jembe nilikuwa bado sijalielewa.

Baadaye nikapata kazi kule mjini, hii niliyo nayo hadi leo, ya kutunza lifti na pampu za lile jengo unalolijua karibu na Moi Avenue. Nafanya kazi juu kabisa, kwenye chumba cha mashine, ambako magurudumu yanavuta kamba za chuma na watu wanapanda na kushuka chini ya miguu yako bila kujua kama upo. Ukifungua kile kidirisha unaona Milima ya Ngong yote, na mawingu yanayotembea juu yake. Baba yako alitutoka nikiwa na kazi hiyo, na wewe ukiwa bado unatambaa. Syombua, dada yangu, huyu mama yako mkubwa, akafunga virago vyake kule Machakos akaja kukaa nasi. Ndiye aliyekulea. Mimi nilikuwa mama wa asubuhi na jioni, yeye akawa mama wa mchana kutwa.

Mwaka ule baada ya mgao wa umeme, ulikuwa darasa la nne. Syombua alikuwa amepoteza kazi ya kupika aliyoipata kwenye shule moja ulipoanza darasa la kwanza. Alikuwa na ndoto ya kinu cha kusaga unga, na ninaposema ndoto simaanishi mpango. Alikuwa akikiota hasa. Asubuhi tukinywa chai alikuwa akitusimulia: "Leo nimeota unga unashuka, Mwikali, unashuka tu, mweupe, na hakuna aliyekuwa na njaa." Wewe ulikuwa ukimuuliza kama ulikuwepo kwenye ndoto, na siku zote alikuambia ulikuwepo.

Akapata banda Dagoretti, nyuma ya soko, likipakana na boma ambako ng'ombe hungojea zamu ya kichinjio. Akapata mashine ya kusaga, na mota ya fezi tatu, ya nguvu za kiwandani, kutoka karakana moja iliyofungwa kule Industrial Area. Ilikuwa mota nzuri, nzito, ya rangi ya kijani. Siku aliyonipeleka kuiona alikuwa ameifunika kwa leso kama mtoto.

Nikasoma kibati. Nikainua macho kufuata waya. Mita ilikuwa kule mbele, kwenye jengo la barabarani. Kutoka pale waya ulipita ndani ya bomba la plastiki, ukapanda ukutani, ukapita chini ya mabati yaliyowaka jua, ukazunguka boma lote, ukapita juu ya stoo ya magunia, ndipo ukaingia bandani. Ulikuwa umewekwa na fundi seremala aliyekuwa hapo awali, kwa ajili ya msumeno mdogo.

"Haitaweza," nikasema.

"Nini haitaweza? Taa si inawaka?"

"Taa si mota."

"Waya ni waya, Mwikali. Umeme hauchoki kutembea."

"Unachoka. Na hii imefungiwa kwa bomba, chini ya mabati, haina hata hewa. Itachemka. Ng'oa yote. Weka kebo ya milimita kumi, kutoka kwa mita hadi hapa, na ipite chini, ardhini."

Akanitazama. "Na pasta anakuja Jumamosi kuombea kinu. Nimealika watu."

"Mwambie angoje."

"Angoje mpaka lini?"

"Mpaka uweke waya. Mimi siunganishi hii."

Alichukua ile leso akaanza kuikunja, taratibu, pembe kwa pembe. "Tangu usomee umeme," akasema, "unaongea na mimi kama mtu wa ofisini. Hata kiti hujakaa."

Ni kweli, sikuwa nimeketi. Nilichukua mkoba wangu wa vifaa nikaenda zangu. Nilikuwa nimesema kweli, kila neno. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na ile furaha baridi ya mtu aliyesema kweli.

Syombua akamtafuta fundi mwingine, Njoroge, kijana wa pale pale Dagoretti, mcheshi, mwenye mikono myepesi. Njoroge akaunganisha. Jumamosi pasta akaomba, na kinu kikazunguka. Watu walinihadithia. Mota iliguna kwanza, wakasema, kama mzee anayeamshwa, halafu ikashika kasi na wanawake wakapiga vigelegele. Ilizunguka wiki ile, na iliyofuata, na mvua za masika zikaja zikaenda nayo inazunguka. Mimi na dada yangu tukawa watu wa kusalimiana. Alihamia chumba kilicho karibu na kinu. Wewe peke yako ndiwe uliyekuwa ukivuka kutoka kwetu kwenda kwake, kila Jumamosi na siku ambazo shule zilifungwa mapema, na jioni nilipokuja kukuchukua ulikuwa na unga kwenye nyusi, kibibi kidogo.

Nilikuwa nikikungoja nje. Nilisikia ile mashine. Jioni watu wote wa eneo lile wanapowasha majiko na pasi, volti hushuka, na sauti ya mota ikawa inabadilika, inakuwa nzito, ya ndani kifuani. Ukishaishi na mota utaisikia sauti hiyo hata ukiwa umelala. Taa ukiinyima inafifia tu, inakubali yake. Mota haikubali. Imefungwa kwenye mzigo wake na lazima iuzungushe, kwa hiyo ikinyimwa volti inavuta ampea zaidi, na ikivuta zaidi waya unazidi kuwa moto, na waya ukiwa moto unakula zaidi njiani, na kule mwisho kinafika kidogo zaidi. Hivyo hivyo, duara juu ya duara, wala hakuna anayeona chochote. Unga unashuka. Watu wanaondoka na mifuko yao.

Jioni moja ulichelewa kutoka. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta, nikaweka kiganja juu ya lile bomba la plastiki. Lilikuwa moto kama kikombe cha chai. Lilikuwa laini kidogo.

Ukatoka mbio. Syombua alikuwa nyuma yako mlangoni, anajipangusa mikono. Akasema, "Habari ya kazi." Nikasema, "Njema." Nikakushika mkono tukaondoka.

Hapo ndipo ninaporudi, mwanangu, ninapokuwa peke yangu kule juu kwenye chumba cha mashine. Narudi pale ukutani. Katika mawazo yangu mara nyingine nageuka, namwita, namwambia Syombua hebu weka mkono hapa. Ni jambo la pumzi moja. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema, unaona. Nilikuwa nimesema mara moja, na niliona hiyo imetosha.

Siku ya moto wewe ulikuwa umelala kwenye stoo, juu ya magunia matupu. Ulipenda kulala pale kwa sababu ya mtetemo. Uliniambia ni kama kulala juu ya paka mkubwa. Ilikuwa alasiri na watu walikuwa wengi, kesho yake ilikuwa sikukuu, na kinu kilikuwa hakijapumzika tangu asubuhi. Fyuzi ilikuwa imekatika mara kadhaa siku zilizopita, na Njoroge, ili mteja wake asisumbuke, alikuwa ameweka waya mnene mahali pa ule mwembamba wa fyuzi. Kwa hiyo kile kilichotakiwa kufa kwanza hakikufa. Waya ukayeyuka juu ya stoo, ndani ya bomba lake, na matone ya plastiki inayowaka yakaanza kudondoka kwenye vumbi la unga lililokuwa limetanda juu ya kila boriti.

Syombua aliona moshi kupitia mlango. Alikuwa na bakuli la mwanamke mmoja mikononi, akaliachia. Hakuita mtu. Aliingia moja kwa moja, akakuta umejikunyata bado usingizini, akakuinamia ili mgongo na mkono wake viwe juu yako, akakutoa kwa mlango wa nyuma ulioelekea bomani. Mkono wa kulia ndio uliopokea yale matone, kuanzia kwenye kiwiko hadi begani.

Wewe siku zote unasema unakumbuka ng'ombe weupe. Ulikuwa ukiniuliza ukiwa mdogo, mwaitu, wale ng'ombe weupe walienda wapi? Walikuwepo. Paa la stoo lilipofunguka, unga na majivu yaliruka juu yakashuka bomani, na wale ng'ombe wakasimama kimya, wote wamegeuka weupe, wakiwatazama. Mama yako mkubwa alikuwa ameketi katikati yao kwenye matope akikupakata. Alinisimulia kwamba ulifungua macho, ukawaangalia, ukayafumba tena.

Njoroge ndiye aliyezima swichi kuu, na wale wanaume wa kichinjio wakaja na ndoo. Iliungua stoo tu. Hakuna aliyekufa. Nimeandika sentensi hiyo nikakaa nayo kidogo.

Mimi niliitwa kwa simu ya bawabu wa jengo. Nilivyofika hospitalini sijui. Nakumbuka korido ndefu yenye mwanga wa kijani, na kwenye benchi Syombua, mkono umefungwa bendeji nyeupe, na kichwa chako mapajani mwake. Ulikuwa umelala tena. Nikaketi upande wa pili. 

"Usiseme," akasema.

"Sijasema."

"Unasema na hayo macho."

"Nilikuwa nataka kukwambia jambo lingine," nikasema. "Nilishika lile bomba. Siku ile nilipomchukua mtoto. Lilikuwa linachoma."

Hakugeuka. Mkono wake mzima ulikuwa ukipita kwenye nywele zako, ukitoa majivu kidogo kidogo.

"Ulishika, ukanyamaza."

"Nilikuwa nimekwambia tayari."

"Uliniambia mara moja," akasema. "Mara moja nilisikia kiburi. Ungerudi mara ya pili, Mwikali, labda ningesikia ndugu."

 Nesi alipita na toroli, magurudumu yake yakilia. Baadaye Syombua akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Na mimi nilijua hiyo mashine inaumwa. Nilikuwa naisikia jioni. Nilikuwa naongeza wimbo ili nisiisikie." Akaegemeza kichwa chake begani kwangu kwa sababu ya dawa alizopewa, akalala naye pia. Mkabaki mmelala wote wawili, na mimi nikiwa macho, nawabeba, kama mtu aliyepewa kitu cha kushika akaambiwa mwenyewe anarudi.

Bendeji zilipopungua nilikwenda Dagoretti. Nilimkuta Njoroge amekaa mlangoni pa banda, kofia mikononi. Alikuwa akija kila siku, Syombua aliniambia, anafagia, anaondoka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia. Kijana yule akainuka, akaniita kama anavyomwita mama yake, akasema, "Mathe, mimi niliangalia mota ikizunguka. Waya sikuangalia." Macho yake yalikuwa mekundu. Yale maneno yangu yote yakaniponyoka, na nikajiona tena kwenye nyasi ndefu za Loresho, na kipimo mkononi, nikingoja kufukuzwa.

"Una jembe?" nikamuuliza.

Tulichimba mtaro kuzunguka boma. Wanaume wa kichinjio walikuja kusaidia wakitaniana kwa Kikuyu, na Syombua, ambaye hakuweza kuchimba, alipika uji kwenye sufuria kubwa na kutupigia kelele kwamba mtaro umepinda. Kabla hatujanunua kebo nilikaa na Njoroge chini, tukapiga hesabu yote kwa kijiti kwenye vumbi. Ampea za kibatini. Kiasi ambacho mota inameza ikiamka. Umbali, unaopimwa kwa kufuata njia ya waya yenyewe, kona zake na kupanda kwake, wala sio kwa kutazama kwa jicho kutoka mita hadi mota. Ardhi ni baridi na mabati ni moto, kwa hiyo njia gani. Volti za jioni, si za asubuhi. Halafu kinga ya kukata umeme, ndogo vya kutosha kuulinda waya, kubwa vya kutosha kuvumilia mota inapoamka. Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko nilivyokuwa mimi. Wewe ulishika ncha moja ya futi ya kupimia, ukatembea nayo kandokando ya boma ukiwaambia ng'ombe wakupishe.

Siku ya kuwasha hatukumwita pasta wala mtu. Tulikuwa sisi tu. Njoroge akabonyeza kitufe cha stata, cha kuwashia mota. Mota haikuguna. Ilianza kama mtu aliyelala vizuri. Syombua alisikiliza kidogo, kisha akapiga magoti pale kebo inapotokeza ardhini, akaweka kiganja chake cha kushoto juu yake. Akakaa hivyo muda mrefu, unga ukielea kwenye mwanga wa mlango, hadi nikaingiwa na wasiwasi.

"Ni moto?" nikamuuliza.

"Njoo ushike mwenyewe."

Nikapiga magoti karibu naye. Ilikuwa baridi. Tukabaki pale wawili, tumeshika kitu ambacho hakina joto wala sauti, na mahindi ya kwanza yakashuka.

Nthenya, huko uendako utakutana na watu wenye haraka. Si wabaya. Majani mabichi hayangoji, yanaoza, na msimamizi atakuja na kukwambia unganisha hiyo feni na waya uliopo, kesho tutarekebisha. Utasoma kibati, utafuata waya kwa macho, na utajua. Utasema hapana, kwa sababu nimekufundisha kusema hapana, na hilo sijutii. Lakini baada ya kusema hapana usichukue mkoba wako. Vuta kiti. Omba chai. Uliza wanahitaji nini na lini, na nani anamngoja nani. Na wakikuzunguka wakamwita mwingine, rudi jioni uweke mkono wako juu ya waya, na ukiwa moto, sema tena, kwa sauti ndogo zaidi kuliko ya kwanza. Hata ikiwa ni mara ya tatu. Hata wakikuita mjuaji. Sijui kama watasikia. Najua tu jinsi ukimya unavyokufuata siku nyingine zote.

Na wewe pia utakosea. Kuna siku utalaza waya mwembamba mahali fulani kwa furaha kubwa. Ikifika siku hiyo, natumaini atakuwepo mtu wa kuvua koti. Asipokuwepo, nipigie. Nitaomba ruhusa kazini nije. Jembe natumaini huko wanalo.

Njoroge sasa ana duka lake la vifaa vya umeme Dagoretti, na ameahidi kunitafutia kipima volti cha kukutumia, kilicho bora kuliko hiki changu. Kinu kingali kinazunguka. Mama yako mkubwa hawezi kuinua mkono wa kulia kupita bega, na ndiyo maana leo asubuhi alipokuwa akikusuka ulilazimika kuketi chini kabisa sakafuni. Nilikuwa nimesimama jikoni nikiwatazama. Hukujua. Alikuwa akiimba, na wewe ulikuwa umefumba macho, na kwa muda sikujua kama ni leo au ni mwaka ule.

Karatasi imeanza kuwa na rangi ya kijivu, sioni vizuri ninachoandika, na sitaki kuwasha taa bado. Nje kuna mtu anacheka. Ni wewe, uko langoni, unamwambia mtu kwaheri kwa mara ya pili, hutaki kuingia. Kesho saa kama hizi utakuwa unatafuta ufunguo wa chumba nisichokijua, na utajifungulia mwenyewe.

Leo subiri hapo hapo. Nakuja kukufungulia.

Mama yako,
Mwikali